Uzi Hukatika, Hauvunjiki

Kikombe huvunjika, mfupa huvunjika, uzi hukatika. Hakuna Mswahili anayefundishwa tofauti hiyo darasani, lakini mfasiri wa biolojia huisahau akishakutana na kromosomu, akaandika “kromosomu iliyovunjika” kana kwamba ni sahani. Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwakunjwa. Basi ajali yake iitwe mkatiko.

Neno hilo lina kazi katika istilahi moja ambayo wanabiolojia huifupisha kwa herufi BIR, yaani “break-induced replication” kwa Kiingereza. Ni jina la ukarabati wa dharura.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Zikikatika zote mahali pamoja, kwa kawaida hubaki ncha mbili zinazotazamana, na chembe huziunga. Taabu huja inapobaki ncha moja tu: labda mtambo wa kurudufisha DNA umepita penye uzi uliokwisha kukatika upande mmoja, au mwisho wa kromosomu umelika. Wa kuungwa naye hayupo. Chembe huikwangua ncha hiyo hadi uzi mmoja ubaki wazi, na mara nyingi huuvika protini iitwayo Rad51. Uzi huo husaka kromosomu yenye mfuatano unaofanana na wake, hujipenyeza ndani yake, na kuanzia hapo herufi za DNA hunakiliwa moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa kromosomu. Safari hiyo huweza kupita herufi 100,000.

Mengi ya haya yamejulikana kupitia hamira, hiyo hiyo ya kuumulia unga wa maandazi. Chembe ya hamira ina kromosomu 16 katika seti moja, na watafiti wana kimeng’enya kiitwacho HO, mkasi unaokata mahali wanapopajua. Mwaka 2007 maabara ya James Haber, katika Chuo Kikuu cha Brandeis huko Marekani, ilionyesha kwamba ukarabati huu unahitaji protini Pol32. Katika urudufishaji wa kila siku hamira huweza kuishi bila protini hiyo. Kumbe ukarabati huu si kazi ile ile ya kila siku iliyobadilishiwa mahali.

Hata matokeo hayafanani. Mwaka 1958 Meselson na Stahl walithibitisha kwamba urudufishaji wa kawaida huipa kila DNA mpya uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Katika BIR, nyuzi mpya zote mbili hukaa kwenye kromosomu iliyokarabatiwa, na ile iliyoazimwa hubaki kama ilivyokuwa. Makosa nayo ni mengi: katika hamira, yale ya kuruka au kuongeza herufi yamepimwa na kuonekana kuzidi ya kawaida zaidi ya mara 1,000. Chembe huokoka, ila na nakala chafu. Baadhi ya saratani hurefusha ncha za kromosomu zao kwa njia ya jamii hii, na kwa hiyo hazichakai.

Tuiiteje BIR kwa Kiswahili, basi? “Urudufishaji wa mkatiko” ni fupi na inavutia, lakini inapotosha. Neno “wa” linamfanya msomaji adhani mkatiko wenyewe ndio unaorudufishwa, kama vile urudufishaji wa mtihani ni kuutoa mtihani nakala. “Uliosababishwa na” ni sahihi, ila baridi. Kitenzi kinachofaa ni kuchochea. Anayechochea moto haleti kuni. Kuni zipo, yeye huziamsha. Mtambo wa kunakili DNA nao umo ndani ya chembe tayari, na mkatiko ndio unaouamsha. Tunapata “urudufishaji uchochewao na mkatiko”. Wanaisimu watakumbuka kwamba wao nao huita “urudufishaji” kule kurudia neno, kama katika “polepole”. Hakuna ubaya, kwani muktadha utaamua.

Atakayeandaa kamusi ya biolojia aiweke istilahi hii kwenye herufi U, na kwenye “mkatiko” amwelekeze msomaji huko huko.