Sufuria Iliyoongea

Kuna wasee hapa Nairobi wanaofungia simu janja kwa droo na kutembea na kabambe. Wengine wanasaka zile kamera ndogo za kidijitali za zamani, kamera ya kupiga picha tu, basi. Eti ni fasheni. Labda. Lakini hamu hiyo ina babu, na babu mwenyewe alikuwa sufuria.

Tuko Lusaka, 1949, Zambia ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini. Kituo cha redio cha serikali ya mkoloni kilikuwa hewani tangu 1941, kikitangaza kwa Kibemba, Kinyanja na lugha nyingine za huko. Shida ni kwamba Waafrika wengi hawakuwa na redio. Harry Franklin, mzungu aliyesimamia idara ya habari, alihangaika kutafuta kampuni ya Uingereza ya kutengeneza redio ya betri ambayo mtu wa kawaida angeimudu. Mwishowe Ever Ready ikakubali. Kasha likatokana na sufuria ya alumini, sufuria kabisa, minus mkono, ikapakwa rangi ya buluu. Ikaitwa Saucepan Special. Bei ilikuwa pauni 5, na betri ya shilingi 25 kando, ya kukaa kama saa 300.

Pauni 5 haikuwa pesa ya kuchezea. Lakini angalia ulichopata. Ukishalipa, redio ni yako. Hakuna bando. Unawasha, Alick Nkhata anaimba, majirani wanajaa, unazima. Ukitaka Lusaka wakujue, unaandika barua mwenyewe, na watu waliandika kweli.

Sasa, tusidanganyane, serikali haikuwa inagawa uhuru. Ilitaka sauti yake ifike kijijini. Ila redio ilikuwa ya mawimbi mafupi, na mwenye kuzungusha kitufe cha stesheni ni wewe. Ilipofika 1953 na Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland likaundwa Waafrika wengi wakilipinga, wasikilizaji walianza kukishuku kituo kile kile walichokipenda. Mtu angeweza kukaa mbele ya sufuria yake, akasikia habari, akasonya, akahamia stesheni nyingine. Nani angejua? Sufuria ilileta maneno, haikupeleka.

Kwangu mimi hapo ndipo utamu wa kifaa cha kazi moja ulipo, kuliko hata huo utulivu tunaousifu sana. Simu yangu inajua nimesikiliza wimbo gani na nimeukatizia wapi. Na kabambe, pole kwa mashabiki, haijatoroka mbali: laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, na M-Pesa inaweka rekodi ya kila shilingi uliyotuma.

Ndugu wa karibu wa ile sufuria bado yupo mtaani. Yuko kwa soja wa geti, karedio kadogo ka betri, mfuniko wa nyuma umefungwa na raba. Saa moja jioni kanasoma habari. Soja anabishana nako kwa sauti, na kenyewe kanaendelea tu kusoma.