Baraji ya Ruzizi na chupa zetu

Ndugu wanamemba, na ninyi wafadhili wetu wa mbali, tuliporudi Bukavu neno la kwanza kulalamikia lilikuwa delestaji. Umeme unakuja usiku wa manane, mama anaamka kupiga pasi. Tulilaumu kila mtu, lakini baraji yenyewe hatukuiuliza iko na miaka mingapi.

Ruzizi ya kwanza ilianza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kama kilomita 3 kutoka pale mto unapotokea ziwani. Mashine zingine ziliongezwa mwaka 1972. Zote nne zikizunguka vizuri, zinafikia karibu megawati 30. Bujumbura nayo ilipata umeme kutoka hapo. Ruzizi ya pili ilikuja mwaka 1989, na hiyo tunakula sahani moja na Rwanda na Burundi. Mji uliojengewa ile ya kwanza ulikuwa mdogo. Leo tumepita milioni.

Baraji hiyo ndiyo inashika pia kiwango cha maji ya Kivu, maana ziwa halina mlango mwingine wa kutokea. Basi kila kinachoelea kinaishia pale. Mvua ikipiga Kadutu, mto Kawa unateremsha chupa za plastiki, sashe na ndala za mguu mmoja (wa pili hubaki wapi?). Mkondo unazivuta mpaka kwenye vyuma vya chujio. Vikiziba, maji hayapiti, mashine inapunguza nguvu ao inasimamishwa. Watu wa SNEL wanatoa taka juu ya maji, na wazamiaji wanashuka kutoa zile zilizozama.

Vipuri vya mashine ni kazi ya serikali, kikapu chetu hakifiki huko. Takataka ni zetu. Kwenye avenyu za milimani hakuna pa kuzitupa, tunajua. Hata sisi tumemwaga mferejini usiku.

Ndiyo maana kuko pendekezo: sehemu ya mchango inunue glavu, reki na mifuko kwa salongo ya Jumamosi kando ya Kawa, mbele ya mvua ya Septemba. Wamama fulani walikataa: pesa ya mituelle ni ya msiba na ugonjwa, siyo ya uchafu. Wako na haki. Tutalijadili tena kwenye mkutano ujao, na kila mmoja aje na neno lake.