Beji za Mahujaji

Mei inapokaribia kwisha, Wakatoliki wa Kiminini, kama wenzao wa Kitale na Bungoma, huanza kujiandaa kwa hija ya Namugongo, Uganda. Juni 3, 1886, Wakristo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto huko kwa amri ya Kabaka (mfalme) Mwanga. Hujaji hurudi na rozari, medali, fulana yenye sura za mashahidi hao na chupa ya maji ya ziwa dogo lililo karibu na basilika.

Wapo wanaonung'unika kwamba wachuuzi wamepageuza patakatifu kuwa soko. Basi soko la aina hii ni la zamani sana.

Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, Desemba 29, 1170. Mwaka 1173 alitangazwa mtakatifu, na umati ukafurika. Mafundi waliyeyusha risasi na bati, wakamimina kwenye kalibu ya jiwe, na beji ikatoka: kichwa cha Becket na kofia yake ya kiaskofu, au upanga uliomuua. Bei yake hata maskini aliimudu. Ilishonwa kwenye kofia au joho, na asiyejua kusoma aliielewa. Kombe la baharini lilimtambulisha aliyefika Santiago, Hispania. Funguo za Petro, aliyefika Roma. Canterbury waliuza pia vichupa vya risasi vyenye maji yaliyosemekana kuwa na tone la damu ya shahidi. Mwenye chupa yake ya Namugongo angeelewana nao mara moja.

Kanisa lenyewe halikuifumbia macho biashara hii. Mwaka 1199 Papa Innocent III aliwapa makasisi wa Kanisa la Mtakatifu Petro haki ya pekee ya kutengeneza beji za Petro na Paulo. Huko Einsiedeln, Uswisi, mwaka 1466 ziliuzwa takriban beji 130,000 kwa wiki mbili.

Huko Aachen, Ujerumani, masalia matakatifu yalionyeshwa kila baada ya miaka saba, na msongamano uliwazuia wengi kuyakaribia. Kwa hiyo mahujaji waliinua vioo vidogo juu ili vinase baraka kwa mbali. Kundi moja la Strasbourg lilitia mtaji kwenye vioo hivyo, likitarajia hija ya 1439. Ikaahirishwa hadi 1440, na mbia mmoja alipofariki, ndugu zake wakamshtaki fundi wa kundi hilo mahakamani. Fundi huyo aliitwa Johannes Gutenberg, ambaye baadaye alichapa Biblia.