Kutoka Misimbo ya Vita hadi Punda Milia wa Isiolo

Leo tuache habari za simu na kompyuta mpya, tuangalie hesabu moja yenye historia tamu.

Ukitembelea hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, Isiolo, utakuta twiga, choroa, swala twiga, punda milia wa kawaida na yule wa Grevy mwenye milia myembamba. Sasa, utapimaje uanuwai wa viumbe hao? Wengi watasema: hesabu ziko aina ngapi, basi.

Haitoshi. Tuseme mbuga mbili zina wanyama 100 kila moja, wa aina nne. Ya kwanza ina 25 wa kila aina. Ya pili ina 97 wa aina moja, na mmoja mmoja wa zile tatu. Je, zinalingana? Hata kidogo!

Dawa aliileta Mwingereza Edward Simpson. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi Bletchley Park, walikovunja misimbo ya siri ya adui. Huko waliuliza: nikiokota herufi mbili bila kuchagua, kuna uwezekano gani zifanane? Mwaka 1949, katika jarida la Nature, Simpson aliuliza vivyo hivyo kuhusu viumbe. Chukua sehemu ya kila aina, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote. Ukigawa 1 kwa jumla hiyo, mbuga ya kwanza inapata 4. Ya pili inapata 1.06 tu! Programu yake ni mistari michache.

Lakini kuna mtego. Kwenye mbuga ya pili, mwondoe mmoja wa wale wapweke, umweke wa ile aina ya wengi. Kipimo kinashuka hadi 1.04. Aina nzima imetoweka, na namba haikushtuka!

Punda milia wa Grevy ni kama mpweke huyo. Wengi wa waliobaki duniani wako Kenya, hasa kaskazini. Ndiyo maana Januari 2016 ilifanyika Great Grevy's Rally ya kwanza. Kwa siku mbili, mamia ya watu wa kujitolea walipiga picha za ubavu wa kulia wa punda hao katika kaunti tano, Isiolo ikiwemo. Kompyuta ikalinganisha milia, maana milia ya kila punda ni yake peke yake, kama alama za vidole.

Kisha swali la kale likarudi: leo tumekutana tena na nani? Jana ukiona 100, leo 80, na 40 kati yao ni wa jana, basi wote ni kama 200. Makadirio ya Kenya yalikuwa 2,350 mwaka 2016, na 2,812 mwaka 2018.

Kwa hiyo ukisikia uanuwai wa mahali fulani "haujabadilika", uliza kwanza: na wale wachache, kuna aliyewahesabu mmoja mmoja?

Haya, tukutane tena!