Albumini Si Habari ya Jikoni

Kwamba saratani hukondesha, halikuwa jambo la kungoja maabara. Mkanda wa suruali ulitosha kulisema. Mwaka 1932 Shields Warren wa Boston alichunguza maiti 500 za wagonjwa wa saratani, akakuta zaidi ya mmoja kati ya watano aliondoka kwa kudhoofu tu. Zamani hizo tiba yenyewe ilikuwa kisu na mionzi.

Dawa ilikuja 1957, pale Charles Heidelberger na wenzake wa Wisconsin walipotoa fluorourasili, ambayo hadi leo ni mhimili wa kemo ya saratani ya utumbo mpana. Lakini dawa ileile ilimfaa huyu, ikampita yule. Mwaka 1980 William DeWys na wenzake walitazama uzito wa wagonjwa 3,047 kabla ya kuanza kemo: waliokwisha kupungua, wa utumbo mpana wakiwamo, waliwahi kufa. Miaka minne baadaye Onodera wa Japani akajumlisha albumini, protini ya damu, na idadi ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, kupata alama moja ya lishe.

Basi si walishwe? Walilishwa, tena kwa mshipa. Jaribio lililochapishwa 1981 kwa wagonjwa wa utumbo mpana waliokuwa kwenye kemo halikuleta nafuu, na mwaka 1989 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kikaonya dhidi ya kuwalisha hivyo kwa mazoea.

Kosa la waliowalisha naliona la kibinadamu. Daktari aliyezoea kuona albumini ya chini kwa mtoto mwenye unyafuzi atafikiri kwanza juu ya sahani. Kumbe saratani huwasha mwako (inflamesheni) mwilini, na ini likipata ishara ya mwako huo hupunguza albumini na kumwaga protini ya CRP, ileile ambayo Tillett na Francis waliigundua New York mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia. Na dalili ya mwako huo, chembe nyeupe za damu, mwanapatholojia Virchow alikuwa ameziona ndani ya uvimbe wa saratani tangu 1863! Ilipofika 2003 ndipo watafiti wa Glasgow wakaziweka albumini na CRP kwenye mizani moja: CRP zaidi ya miligramu 10 kwa lita, albumini chini ya gramu 35. Alama hiyo hutabiri maisha vizuri kuliko inavyotabiri kama uvimbe utasinyaa, kwa hiyo si sababu ya kumnyima mtu dawa.

Chakula hakikutoka kwenye hesabu, ila kilirudi kwa mlango wa misuli. Mwaka 2007 Carla Prado na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba wagonjwa wa utumbo mpana wenye misuli haba kulingana na dozi ya fluorourasili ndio walioumizwa zaidi na dawa. Mdomo ukijaa vidonda na tumbo likiharisha, dozi hukatwa au kuahirishwa, na uvimbe hupata pumzi. Dozi yenyewe hupangwa kwa eneo la ngozi, linalokisiwa kwa urefu na uzito. Fomula mashuhuri ya kukisia eneo hilo, ya akina Du Bois, ilitungwa 1916 kwa kupima watu 9, na haiulizi kilo hizo ni za misuli au za mafuta.