Jina la Fundi katika Riwaya ya Picha ya Jen Wang
Katika The Prince and the Dressmaker (2018), Frances anamshonea Mwanamfalme Sebastian wa Ubelgiji magauni anayoyavaa kwa siri jijini Paris. Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama hadithi ya siri ya Sebastian pekee. Mtafiti anaona kuwa gharama ya siri hiyo inamwangukia Frances: magauni yanasifiwa, mshonaji hatajwi. Historia inalipa suala hili uzito. Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba ya mitindo Paris mwaka 1858, alitia lebo yenye jina lake ndani ya mavazi. Wanawake walioshika sindano hawakuwa na lebo. Kwa hiyo Frances anapoiacha kazi, siri ikiwa bado haijafichuka, hamsaliti rafikiye. Anadai jina lake.