Mji Uendao Mbio

Kibaha pana mahali paitwapo Picha ya Ndege. Jina hilo latukumbusha kuwa kila picha ina jicho lake: ndege huona mapaa, mtembea kwa miguu huona nyuso.

Filamu za kuinadi Dar es Salaam zimeleta jicho la tatu, jicho lifupishalo muda. Kamera hupiga picha moja kila sekunde 5. Saa nzima huzaa picha 720, zikaoneshwa 24 kwa sekunde, zikaisha kwa nusu dakika. Majengo hudumu, mpita njia huonekana katika picha moja, asionekane katika ya pili.

Jambo hili si geni. Mwaka 1838 Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris. Kwa kuwa picha ilihitaji dakika kadhaa, wapitao wote walifutika. Akasalia mtu aliyesimama akisafishiwa viatu.

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Machinga na makuli wamo, nao hawasimami. Mpiga picha na apunguze mwendo kidogo, wajao wasije wakadhani mji ulijijenga wenyewe.